Mkia Unaoitwa Yo

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipokubali, kwa ridhaa yangu mwenyewe na kwa kuitikia kwa kichwa, kusemeshwa bila heshima na watoto wa sekondari. Niliitikia kwa sababu sikuelewa swali. Hadi leo nikimsimulia mama habari hii sokoni kwetu Nyasubi, huacha kupima mchele akashika kiuno. "Yaani walikuwa wanakusemesha kama mbuzi, na wewe unachekelea?" Ndiyo, mama. Nilikuwa nachekelea, tena nikiwaongezea na vitafunwa.

Na mimi si mtu aliyelelewa kusahau salamu. Nikiwa darasa la tatu nilimpita mama mmoja muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kumwamkia, maana nilikuwa nimebanwa na haja na nawahi nyumbani. Habari ilifika kabla yangu, sijui kwa njia gani. Mama alinirudisha kutoka mlangoni, haja yangu ikiwa palepale, hadi kwenye meza ya michembe, nikapiga magoti vumbini kama msichana wa Kisukuma anavyotakiwa. "Marahaba, mayu," akasema yule mama kwa furaha, akiniita mama kwa Kisukuma, kisha akaanza kuniuliza habari za kila mtu wa nyumbani kwetu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimebana miguu. Tangu siku hiyo naamkia hata wazee wanaosinzia.

Baba yangu anafanya kazi Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Yeye hachimbi, hufunga matimba, ile miti ya kuzuia kuta za shimo zisiwaangukie waliomo ndani. Alikuwa akirudi nyumbani Jumamosi, na wiki nyingine alirudi akiwa kimya. Hapo hakuna aliyemsemesha hadi amalize chai, kwa kuwa hatukujua kama wiki hiyo ukuta umeshika au haukushika. Ndiyo sababu nilitaka kusoma miamba. Nilitaka mtu mmoja katika ukoo wetu ajue mapema ukuta upi utaanguka.

Nilipata ufadhili wa kwenda Korea Kusini. Masharti yalikuwa mafupi: mwaka wa kwanza ni lugha tu, na mwisho wake kuna mahojiano ya mdomo mbele ya walimu watatu. Ukifaulu, unaanza shahada yako. Ukishindwa, unakatiwa tiketi ya kurudi kwenu. Parokiani walinitangaza mara mbili, Jumapili mbili tofauti. Majirani walichinja mbuzi. Mama alishona kitenge kipya cha kunisindikiza na akaweka kingine sandukuni cha kunipokelea nikirudi msomi. Kwa hiyo kurudi baada ya mwaka mmoja, na mabegi yaleyale, lilikuwa jambo ambalo sikuthubutu hata kuliwaza.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya upweke, sitaki kupamba. Darasani tulikuwa wageni watupu, tukitoka tunaongea Kiingereza cha kuokoteza. Kila mtu alituambia tutafute marafiki wenyeji, lakini wanafunzi wa chuo walipita wameziba masikio kwa spika zao, wanawahi maktaba. Nilifika mahali nikawa namwamkia mlinzi wa hosteli mara tatu kwa siku ili tu nifungue mdomo.

Nyuma ya hosteli, chini ya mteremko wa shule ya sekondari, palikuwa na kibanda cha bibi mmoja. Aliuza tambi, na vipande vya unga wa mchele vilivyochemshwa katika rojo jekundu la pilipili, vinanata hadi unasahau ulianza kutafuna lini. Saa kumi jioni watoto wa shule walijaa pale kabla ya kwenda masomo ya ziada. Siku ya kwanza niliingia, nikasoma ubao wa vyakula, nikaagiza tambi kwa sauti.

Hapo lazima niseme kuhusu ulimi wangu. Sisi tuliokulia kwenye Kisukuma, herufi r na l hutupiga chenga. Shule ya msingi mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa nitofautishe kula na kura. Nilikula kura, nikapiga kula, na darasa zima likafa kwa kicheko, wakiwemo wengi ambao wenyewe wasingeweza. Nilibeba aibu ile miaka mingi. Kumbe Wakorea wana herufi moja tu, inayokaa katikati ya hizo mbili, na jina la tambi zao linaanza na herufi hiyohiyo. Wenzangu wa darasani walihangaika nayo wiki nzima. Mimi ilitoka yenyewe, kama mtu aliyefika kwao.

Msichana mmoja wa meza ya pili aligeuka. "Jamani, ametamka vizuri!" Sentensi hiyo niliielewa, nikamtazama kwa shukrani, nikaona rola la plastiki limening'inia kwenye nywele za paji lake la uso. Maskini, nikawaza, ametoka nyumbani akasahau kulivua. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye paji langu mwenyewe, taratibu, ili nisimwaibishe. Meza nzima ilicheka. Wasichana wa kule hutembea na rola hadharani bila wasiwasi, nywele zikae sawa hadi hapo watakapozihitaji. Nilihamishiwa kwenye meza yao na tambi zangu.

Walikuwa watatu, wote wa miaka kumi na saba. Yule wa rola ndiye aliyekuwa msemaji. Rafiki yake wa pili alikuwa mvulana mrefu aliyekula kama mtu mwenye matumbo mawili. Wa tatu alikuwa msichana mpole ambaye hata akicheka hakutoa sauti, mabega tu ndiyo yalitikisika. Swali lao la kwanza lilikuwa umri wangu. Nilipowatajia, wakanigeuza dada. Kisha msichana wa rola akaniuliza kitu, nami nikadaka maneno mawili tu, "dada" na "tunaweza". Nikaitikia kwa kichwa. Wakapiga makofi.

Alichoniuliza ni hiki: "Dada, tunaweza kushusha maneno?"

Kikorea kina mkia. Ukiongea na aliyekuzidi umri, au mtu usiyemzoea, unafunga sentensi kwa kijineno kidogo, yo. Kuna ngazi za juu zaidi ya hapo, lakini yo ndiyo kizingiti. "Umekula?" ni ya rafiki yako. "Umekula-yo?" ni ya mtu wa kuheshimiwa. Watu wakizoeana, mmoja huomba ruhusa, na wakikubaliana wanaukata mkia wote kwa pamoja. Huko ndiko kushusha maneno. Darasani mwalimu wetu alitufundisha yo tangu wiki ya kwanza, lakini kwa kuwa nje sikuisikia hata mara moja, niliamua kwa akili zangu kwamba ni lugha ya vitabuni tu. Nikaiacha. Nikajifunza Kikorea cha kibandani, na nilijifunza kweli. Ndani ya miezi miwili nilikuwa natania, nanuna, nabishana na mvulana mrefu nani amekula kipande cha mwisho.

Siku mwalimu alipotueleza vizuri habari ya mkia, damu ilinipanda. Mimi, mtu mzima, nasemeshwa na watoto kama mwenzao! Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilishuka ule mteremko kwa hatua za kwenda kugombana, nikaingia kibandani, nikasimama mbele ya meza yao. "Nyinyi watoto hamna adabu kabisa!" Bila mkia, bila shaka, maana sikuwa na Kikorea kingine.

Mvulana mrefu alipaliwa. Msichana wa rola hakutikisika. "Wewe mwenyewe ulikubali," akasema. "Halafu si kukosa adabu, dada. Mtu usiyempenda ndiye unayemwekea yo hadi siku ya mwisho."

Nilikaa. Jibu lilikuwa zuri na lilinikera. Lakini sikutaka kushindwa kabisa. "Basi kama mkia hamuweki, mtaniamkia," nikawaambia, nikawafundisha shikamoo.

Nilitegemea watakataa. Waliipenda kupita kiasi. Mvulana mrefu alikuwa akiniona ng'ambo ya barabara anapaza sauti, "Sikamo!" huku ameinama hadi begi linampanda kichwani, wapita njia wote wanageuka. "Marahaba!" nikajibu kwa kiburi chote cha shangazi mwenye mali. Bibi wa kibanda aliuliza ni neno gani hilo, akaelezwa, na kuanzia siku hiyo hakumpakulia mtoto yeyote ambaye hajamwamkia. Walipotaka neno la kuagana niliwapa lala salama. Ikatoka rara sarama. Nilicheka hadi machozi, maana hivyohivyo ndivyo mama huniaga.

Yule mpole ndiye aliyenishangaza. Alianza kubaki nyuma wenzake wakitangulia, ananieleza mambo vipande vipande. Mama yake alitaka awe daktari. Yeye alitaka kuoka mikate, na hakuwa amemwambia mtu. Kila jioni aliongeza kidogo, nami nilimsikiliza kama ninavyowasikiliza wadogo zangu. Sikuwa na mengi ya kumshauri, lakini alikuwa anakuja.

Kisha, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mahojiano, mkuu wa kitengo chetu cha lugha aliingia darasani kututazama. Mzee wa mvi, suti imenyooka. Akanisogelea akaniuliza naendeleaje na masomo. Nilifurahi kuulizwa. "Poa tu," nikamjibu kwa Kikorea kilichonyooka kama mkuki. "Wewe vipi, umekula?"

Mwalimu wetu alifumba macho. Kipindi kilipoisha aliniita pembeni, mama mwenye huruma yule, na hakunizungusha. "Kikorea chako ni kizuri kuliko cha wote humu," akasema, "na ni cha mtoto wa kijiweni. Ukiongea hivyo mbele ya wale walimu watatu hawatasikia majibu yako. Watasikia dharau tu. Watakurudisha kwenu."

Niliogopa sana siku hiyo. Niliona kitenge cha mama sandukuni. Nilimwona baba akinywa chai yake kimya. Na zaidi ya hofu ilikuwa aibu: mimi niliyepiga magoti vumbini kwa ajili ya michembe, leo namwambia mzee wa mvi "wewe vipi".

Kibandani nilijaribu kuwaeleza kwa utani, nikaishia kulia mbele ya bakuli. Msichana wa rola alinyoosha mkono, akavua rola lake, akaliweka mezani. Sikuwahi kumwona akilivua. "Basi tunaurudisha mkia," akasema. "Sisi wote, kuanzia sasa. Na wewe ukisahau, tutasema shikamoo." Halafu akamalizia, kwa sauti ambayo sikuijua, "Umeelewa-yo?"

Sikudhani kijineno kidogo kama kile kinaweza kuumiza. "Dada, ungependa maji-yo?" "Leo kuna baridi-yo." Walinikalisha upande wa pili wa meza, peke yangu, kama mgeni rasmi. Utani ulikufa, kwa sababu utani wenye mkia hufika umechelewa. Kila nilipoteleza walinidaka watatu kwa pamoja, "Shikamoo!" na bibi kutoka jikoni anaitikia "Shikamoo!" hata kama hajui nimekosea nini. Siku za mwanzo nilidakwa hadi tambi zikapoa. Wiki ya pili makosa yakapungua. Wiki ya tatu mkia ulikaa.

Ila yule mpole aliacha kubaki nyuma. Alikuwa ameishia pale aliponiambia kwamba Jumapili atamweleza mama yake ukweli. Jumatatu nilimuuliza kwa adabu zote imekuwaje-yo. Akanitazama. "Ni sawa tu-yo," akasema, akawafuata wenzake. Mambo yale hayakusemeka kwa mkia. Nilielewa, na iliniuma kuliko shikamoo zote nilizopigiwa.

Asubuhi ya mahojiano msichana wa rola alinisubiri nje ya hosteli na peremende ya kunata. Wakorea hawasemi mtu amefaulu mtihani, wanasema amenata, na aliyeshindwa wanasema ameanguka. Kwa hiyo siku ya mtihani unakula vinavyonata na unaepuka kabisa vinavyoteleza. "Hujala kitu cha kuteleza-yo?" akanihoji kwa ukali. Nikamwambia sijala. Ukweli ni kwamba jana yake, kwa kutafuta moyo, nilikuwa nimepika mlenda wa unga mkavu alionitumia mama, nikala sufuria nzima. Kama kuna kitu kinachoteleza kuliko mlenda, mimi sijakiona.

Walimu walikuwa watatu: mama mmoja mwenye miwani, mwanamume wa makamo, na yule mzee wa mvi, kwa bahati yangu. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri, mkia kila sentensi, nikajisikia bingwa. Ndipo mzee akauliza, "Kwa nini miamba?"

Nikawaeleza kuhusu baba. Nikawaeleza matimba ni nini na Jumamosi zetu zilivyokuwa. Nilipofika kwenye chai na ule ukimya, niliacha kufikiria lugha nikawa namfikiria baba, na mikia ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Nilikuja kushtuka sentensi ya tatu imetoka uchi kabisa. Mzee aliweka kalamu chini.

Nilisubiri sauti ya kunidaka, nayo haikuwepo. Basi nikajidaka mwenyewe. "Shikamoo!" nikasema kwa nguvu, na magoti, ambayo hayakuniuliza, yakatua chini kwenye zulia.

Yule mama wa miwani aliinuka kidogo kuchungulia nimekwenda wapi. "Hicho ni nini?" akauliza.

Nikamweleza, nikiwa bado chini, na safari hii mikia yote ilikuwapo. Nikasema kwetu neno hilo tunampa mkubwa, na watu husema maana yake ya zamani ni kushika miguu yake. Nikasema Kikorea changu nimefundishwa na watoto watatu wa shule kibandani, walioshusha maneno kwa sababu walinipenda. Nikasema wiki tatu hizi wameyapandisha tena ili nisirudishwe kwetu, na kwamba hawakufurahia, na mimi sikufurahia, na kwamba nikikosea huniambia neno hilo. Nikasema samahani kwa siku ile darasani. Sijawahi kuongea Kikorea kizuri kama kile, kabla wala baada.

Mzee alichukua kalamu yake. "Na anayeamkiwa anajibu nini?"

"Marahaba-yo," nikasema kwa woga.

Aliandika, akasoma alichoandika, akanitazama juu ya meza. "Marahaba," akasema. "Inuka."

Matokeo yalibandikwa mlangoni siku hiyohiyo, saa tisa. Nilipaswa kumpigia mama kwanza. Nilimpigia baadaye, na hajanisamehe. Nilishuka ule mteremko mbio, koti wazi, nikaingia kibandani. Wote watatu walikuwa wamewahi, wamesimama kwa mstari na sare zao, na bibi nyuma yao na mwiko. Msichana wa rola aliinamisha kichwa kwa adabu kamili. "Dada, matokeo yamekuwaje-yo?"

Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri njiani, ndefu, ya heshima. Niliwatazama nikaiacha.

"Nimenata," nikasema.

Bila mkia. Msichana wa rola alishafungua mdomo aseme shikamoo, kwa mazoea, ndipo akaona sikuwa nimesahau. Mdomo ukabaki wazi. "Sema tena," akaniambia, naye bila mkia.

"Nimenata!"

Mvulana mrefu alipiga meza hadi mabakuli yakaruka, bibi akamtishia kwa mwiko, na msichana wa rola akanirukia shingoni na rola lake likanichoma jicho. Yule mpole alisogeza begi lake kwenye benchi, upande wao wa meza, akapapasa mahali palipobaki wazi.

"Kaa," akasema. Nilipokaa aliinama karibu na sikio langu, akaanza kunieleza mama yake alisema nini ile Jumapili.